Daftari lina vitabu 14, kumbe vingine hajavisoma. Kusoma kunajenga tabia kweli?

MamaWawili

Habari zenu wadau. Naomba mnisome hadi mwisho, maana naandika nikiwa na uchungu.

Nawasomesha wanangu nyumbani, huu ni mwaka wa tatu. Mkubwa ni wa kiume, ana miaka 9. Mdogo ni wa kike, ana 6. Tulipoamua kuwasomesha wenyewe, kilichonisukuma zaidi hakikuwa hesabu wala sayansi. Nilitaka wakue wakweli, wenye huruma, watu ambao ukiwaachia kitu chako unalala usingizi. Na niliamini vitabu vizuri vitaifanya kazi hiyo kuliko maneno yangu, maana mama akisema kutwa kucha mwishowe hasikiki.

Mwanzoni mwa mwaka nikaanzisha daftari la kusoma. Kila kitabu anachokimaliza anaandika jina lake, tarehe, na chini yake mstari mmoja: "Nimejifunza nini." Nikishakagua nabandika nyota. Nyota 10 zina zawadi. Alifika 10 mapema sana, nikamnunulia kioo cha kukuzia vitu alichokuwa akikililia. Daftari lile nimelionyesha hadi wageni.

Jumanne jioni nilikuwa napanga rafu. Nikashika kitabu kimoja chenye nyota, ambacho kwenye daftari ameandika, "Nimejifunza kuwa kusema ukweli ni muhimu." Nikataka kumsomea mdogo wake kipande. Kurasa za 46 na 47 hazifunguki. Karatasi zimeshikana ukingoni tangu zilipochapwa, hazikukatwa sawasawa. Ilibidi nichukue rula niipitishe katikati polepole hadi zikaachana, na zikaacha kijiuzi cha karatasi pembeni. Nikabaki nimekaa sakafuni na rula mkononi. Hakuna jicho lililowahi kuziona kurasa zile kabla yangu.

Nikaanza kuvishusha vingine. Kimoja alama yake bado iko ukurasa wa 9. Kingine kinalia mgongo kila ukikifungua, kama kipya. Kati ya vitabu 14, vitano nina hakika hajavimaliza.

Nikamwita. Nikamuuliza bila kelele, "Hiki ulikisoma chote?" Akanitazama usoni, akasema, "Ndiyo mama, chote." Nikamwonyesha zile kurasa. Hakulia, hakuomba msamaha. Alisema tu, "Ulisema nikifika nyota 10."

Tangu siku hiyo silali vizuri. Baba yake yuko pamoja nami lakini naye ameishiwa la kusema. Kwa hiyo nauliza: kusoma kunajenga tabia kweli, au nimekuwa nikijidanganya mwenyewe? Nimwadhibu? Nifute nyota zote? Naomba wenye uzoefu wanisaidie.

Mzee_wa_Rafu

Pole mama. Mimi sitazunguka. Mtoto amedanganya, tena ameandika uongo kwa mkono wake mara tano. Hilo lisipite hivi hivi. Mnyang'anye hicho kioo hadi atakapovisoma vyote vitano, na kuanzia sasa kila kitabu mtungie maswali 10 kutoka kurasa mbalimbali. Asipojibu 8, anarudia. Watu wanaona kusomesha nyumbani ni ulegevu kwa sababu ya mambo kama haya. Kipimo kikiwa kikali, hapati mwanya.

BibiSomo

Pole sana dada yangu. Nimesomesha nyumbani miaka 11, watoto watatu, wa kwanza sasa ana 17. Kurasa zako zilizoshikana nimezisoma mara mbili, kwa sababu na mimi nilikuwa na daftari la aina hiyo.

Kwanza nikutoe wasiwasi mmoja. Unauliza kama kusoma kunajenga tabia. Kwa vitabu hivyo vitano, swali hilo halijajaribiwa bado, kwa kuwa hakuvisoma. Kilichojaribiwa ni nyota. Na nyota zimefanya kazi yake barabara: zimemfundisha kutafuta nyota.

Hili si wazo langu tu. Mwaka 1973 huko Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichukua watoto wa chekechea waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti kizuri chenye utepe wakichora. Kundi la pili halikuahidiwa kitu, ila mwishoni wakapewa cheti hicho hicho kwa kushtukizwa. La tatu halikupewa chochote. Baada ya wiki moja au mbili kalamu zikawekwa mezani bila mtu kusema neno. Wale walioahidiwa walichora kwa karibu nusu tu ya muda waliochora wenzao. Wale wa kushtukizwa hawakupungukiwa kitu. Kwa hiyo si zawadi yenyewe iliyoharibu. Ni ile ahadi, "ukifanya hiki nitakupa kile". Mtoto anaanza kujiona anachora kwa ajili ya cheti, na cheti kikiondoka hana tena sababu ya kushika kalamu.

Sasa ule mstari wa "Nimejifunza nini". Mimi naona huo ni mbaya kuliko nyota, na najua nitawaudhi wengi. Binti yangu wa pili, alipokuwa na miaka 8, aliniandikia "Nimejifunza tusiwe wabaya kwa wenzetu" katika vitabu vitatu mfululizo. Kimoja kilikuwa kinaeleza jinsi nyuki wanavyojenga masega. Nilipokiona kile cha nyuki nilihisi baridi mwilini. Mtoto alikuwa ameshajua mama anataka kusikia nini, akawa ananipa hicho, kwa heshima kabisa. Alikuwa ananitii. Lakini kitabu hakikumgusa hata kidogo, na kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilikuwa nimemdai jibu kabla hajaliishi.

Nililoligeukia ni kusimulia. Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyeishi kati ya 1842 na 1923, ndiye aliyelieneza sana miongoni mwa wanaosomesha nyumbani. Unasoma kipande mara moja tu, kwa sauti au anasoma mwenyewe, halafu unafunga kitabu na mtoto anakusimulia alichosikia kwa maneno yake. Humkatizi. Humrekebishi katikati. Humuulizi fundisho ni nini. Kwa wadogo somo lisizidi dakika 20, na yeye Mason hakutaka mtoto aliye chini ya miaka 6 adaiwe kusimulia. Binti yako ndiyo kwanza amefika, msikilize anavyotaka mwenyewe.

Hakuna maswali 10 yanayoweza kukuonyesha unachokiona mtoto anaposimulia. Aliyesikiliza anasimulia, asiyesikiliza hana cha kusema, na nyote wawili mnajua papo hapo, bila kesi. Ila kuna jambo la ndani zaidi. Kijana wangu wa mwisho, akiwa na miaka 9 kama wako, tulisoma hadithi ya mtoto aliyeficha barua ya rafiki yake kwa wivu. Alisimulia yote: mvua, njia, mbwa aliyefungwa mlangoni, hadi rangi ya bahasha aliitaja. Pale barua ilipofichwa akaruka. Aliruka kabisa, kana kwamba ukurasa ule haupo. Mdomo uliniwasha nimuulize, "Na barua je?" Nikanyamaza. Siku tatu baadaye tunaosha vyombo, yeye anakausha, akasema bila kunitazama, "Yule mtoto angesema siku ile ile, ingekuwa rahisi." Nikamjibu, "Ndiyo, ingekuwa rahisi." Akaendelea kukausha. Alikuwa amebeba nini moyoni sijui mpaka leo, na sikumuuliza.

Ningemdai "umejifunza nini" siku ile ya barua, angenipa sentensi nzuri na mlango ungefungwa.

Kwa hiyo dada, nyota zifute. Lakini zifute ukiwa umemwambia kwamba kuziweka lilikuwa kosa lako. Asione kufutwa kwa nyota kama adhabu. Uongo wake uzungumze kando, wala usiuchanganye na kitabu. Naomba sana, usimpe kitabu kama adhabu. Avisome vile vitano kwa hasira halafu uone kama akiwa na miaka 15 atagusa kitabu.

MsimuliziWaJioni

Bibi somo amemaliza mengi. Mimi nigusie uchaguzi wa hadithi, maana wengi wetu tunadhani hadithi yoyote yenye fundisho inafaa, na tunapenda zile ambazo muongo anaishia pabaya.

Mwaka 2014 watafiti, wakiwemo Kang Lee na Victoria Talwar wa Kanada, walitoa matokeo ya jaribio kwa watoto wa miaka 3 hadi 7. Mtoto anaachwa peke yake chumbani na kuambiwa asigeuke kuangalia kichezeo kilicho nyuma yake. Wengi wanachungulia. Mtu mzima akirudi anamsomea hadithi, kisha anamuuliza kama alichungulia. Waliosomewa ile ya mtoto aliyepiga kelele za uongo kuhusu mbwa mwitu, na ile ya mwanasesere wa mti ambaye pua yake hurefuka akidanganya, hawakusema kweli zaidi ya wale waliosomewa hadithi isiyohusu ukweli kabisa. Waliobadilika ni waliosomewa ile ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipokuwa mtoto, aliyekata mti wa baba yake akakiri, na baba akamfurahia kwa kukiri. Watafiti wakaigeuza hadithi hiyo hiyo, wakaweka mwisho mbaya kwa muongo. Nguvu yake ikaisha.

Mimi nilipoisoma hiyo nilikwenda kutazama rafu yetu. Karibu kila hadithi ya ukweli tuliyokuwa nayo ilikuwa ya muongo aliyeumbuka. Nilikuwa nawafundisha watoto kuogopa kukamatwa. Sikuwa na hadithi hata moja inayoonyesha mtu akikiri na mzazi akampokea.

Niseme pia, ile ya Washington yenyewe wanahistoria wanaihesabu kuwa ya kutungwa. Iliingizwa na mwandishi Mason Weems katika kitabu chake kuhusu Washington mwaka 1806. Binti yangu aliniuliza, "Baba, ni kweli ilitokea?" Nikamwambia hapana, ni ya kutungwa. Siwezi kumfundisha ukweli kwa kumficha ukweli.

Jingine: watafiti wa Toronto, huko huko Kanada, mwaka 2017 walichapisha jaribio la kugawana stika, watoto wa miaka 4 hadi 6. Waliosomewa hadithi ya binadamu aliyegawana, waligawa zaidi. Waliosomewa hadithi hiyo hiyo yenye wanyama wanaovaa nguo na kusema, hawakuongeza. Sijaacha hadithi za wanyama kwa sababu hiyo. Sungura ametufundisha lugha na kicheko nyumbani kwetu, na hilo lina thamani yake. Lakini nikitaka kugusa tabia, natafuta mtoto wa kibinadamu wa umri wao. Na tukumbuke majaribio haya yalipima papo hapo, dakika chache baada ya kusoma. Malezi ya miaka 10 hayapimwi hivyo, ni kazi ya kurudia na kurudia.

Dada, kijana wako alikutazama usoni akasema "chote". Nadhani alikuwa hajawahi kuona kinachompata mtu anayekiri nyumbani. Jaribu kumwonyesha. Mimi nilianza na makosa yangu: nikimkaripia mtoto bila haki, narudi kwake siku hiyo hiyo, nakaa chini macho yetu yalingane, nasema, "Nilikosea, haukuwa wewe." Ilinichukua muda mrefu kulitamka hilo bila kuongeza "lakini".

Mzee_wa_Rafu

Nimesoma. Hoja ya kulifanya kosa kuwa jepesi bado siikubali. Ila hilo la kutompa kitabu kama adhabu limenigusa, kwa sababu mimi mwenyewe nilinakilishwa kurasa kama adhabu utotoni, na nilifika ukubwani kabla ya kusoma kitabu kwa hiari yangu. Mama, maswali 10 niliyoyasema yaache. Lakini kioo kizungumzeni. Alikipata kwa uongo.

MamaWawili

Asanteni wote, nimelia kidogo nikisoma. Mzee wangu, asante kwa kurudi.

Naomba ufafanuzi mmoja kwa Bibi Somo. Nikiacha kukagua, nitajuaje kwamba anasoma akiwa peke yake? Na akikataa kusimulia nifanyeje?

BibiSomo

Kwa muda acha kabisa vitabu vya kusoma peke yake kama somo. Msomee wewe, yeye na mdogo wake pamoja, wakati ule ule kila asubuhi. Wakati huo ukizoeleka hakuna anayebishana nao. Vile vya peke yake vibaki kwenye rafu kama vitu vya raha, visihesabiwe na mtu yeyote.

Akisema hakumbuki, mwambie "Sawa, kesho" na uendelee. Usirudie kusoma. Ukirudia leo, kesho atasubiri marudio. Kesho soma kipande kifupi zaidi, hata ukurasa mmoja. Na mpe ruhusa ya wazi ya kutopenda kitabu. Wengi wetu tunasahau hilo, tunadhani kumaliza kitabu ndiyo uadilifu. Mtoto asiyeruhusiwa kusema "hiki sikipendi" atasema "nimemaliza".

MamaWawili

Wadau, nimerudi baada ya wiki tatu kama nilivyojiahidi.

Siku ya kwanza nilikaa naye mlangoni, jioni. Nikamwambia, "Nyota zilikuwa kosa langu. Nilikufanya uhesabu vitabu badala ya kuvisoma. Kusema umesoma na hujasoma, hilo lilikuwa kosa lako." Nilijitahidi kutoongeza "lakini". Akakaa kimya muda mrefu, akavuta uzi wa suruali yake, halafu akauliza, "Na kioo?" Nikamwuliza yeye anaonaje. Aliingia ndani akakileta, akakiweka mezani. Nimekiacha hapo hapo. Tumekubaliana ni cha nyumba nzima sasa, si cha mtu. Mdogo wake anakitumia kutazamia sisimizi, na yeye anamwelekeza jinsi ya kukishika.

Asubuhi tunasoma dakika 20. Siku nne za mwanzo kila nikifunga kitabu alisema "Sikumbuki." Nikajibu "Sawa, kesho." Jamani, hilo lilikuwa gumu kwangu kuliko lote, nilikuwa nauma ulimi. Mdogo wake ndiye aliyekuwa anasimulia, na anasimulia kwa mikono yote miwili, anasimama, anakaa, anachanganya mwisho na mwanzo. Siku ya tano akasema kwamba mtoto mmoja kwenye hadithi alimsukuma mwenzake mtoni. Kaka yake akainua kichwa: "Hapana, hakumsukuma. Aliteleza mwenyewe. Ila yule mwingine aliona akakaa kimya, kwa hiyo wote wakadhani alisukumwa, wakamlaumu asiyehusika." Akalisema kwa hasira, kama aliyekuwapo pale. Kisha akasimulia sura nzima, hadi mwisho, na nilikuwa nikidhani hakuwa akisikiliza.

Nimemtafutia pia hadithi mbili za watoto wanaokiri na kupokelewa. Moja ilikuwa dhaifu, imeandikwa kama hotuba, tukaiacha. Ya pili ameniomba nirudie, nikamwambia hapana, asimulie yeye, akasimulia.

Jana usiku alikuja chumbani kwangu na kile kitabu cha kurasa zilizoshikana. Sikuwa nimemwambia akisome. Akasimama mlangoni, kidole chake kimeshika mahali alipofika.

"Mama, nimefika ukurasa wa 31. Kinachosha. Sitaki kukimaliza."

Nikamwambia asante kwa kuniambia, akirudishe kwenye rafu. Leo asubuhi tumeanza kingine.